Bahasha ya Kaki na Karo ya Chuo Kikuu

Mpwa wangu alimaliza mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne mwezi wa Novemba 2023. Jioni aliyorudi nyumbani katika mtaa wa Umoja, Nairobi, kabla hata hajalifungua sanduku lake la bati, mama yake aliniita jikoni akaniuliza, kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie, karo ya chuo kikuu itatoka wapi. Dada yangu huuza mboga kwenye kibanda karibu na steji ya matatu, na baba wa watoto wake alifariki mwaka 2016. Nilimwambia kwamba jibu la swali lake tungelitafuta pamoja, lakini kesho yake alfajiri tungeanza kwa kwenda kwa chifu. Alinitazama kwa mshangao. Matokeo yalikuwa hayajatoka, hakuna chuo kilichokuwa kimemwita mtoto, na hakuna fomu hata moja iliyokuwa imefunguliwa. Chifu angetusaidia nini?

Ninaandika haya kwa sababu kila Januari, matokeo yanapotangazwa, majirani na watu wa kanisani huja kuniuliza wapi kuna ufadhili wa masomo. Ni swali la haki, na nitajaribu kulijibu hapa. Hata hivyo, baada ya miaka mingi ya kulizungukia jambo hili, nimefikia imani kwamba swali hilo linapaswa kuja la pili. La kwanza ni kama karatasi za mwombaji ziko tayari. Nimewaona vijana wenye alama nzuri kuliko zangu na za mpwa wangu wakikosa fedha zilizokuwapo, fedha zilizotengwa kwa ajili ya watu kama wao, kwa sababu tu fomu ilikaa wazi kwa wiki mbili ilhali cheti kimoja kilihitaji wiki sita kupatikana.

Mimi mwenyewe nililijua hilo kwa uchungu. Nilimaliza shule ya upili mwaka 2009, na mwaka uliofuata wakfu mmoja uliokuwa ukisomesha watoto waliofiwa na wazazi uliniita kwenye mahojiano katikati ya jiji. Nilijibu maswali yote, na mama aliyeongoza jopo alinishika mkono akaniambia kwamba kilichobaki kilikuwa kuleta cheti cha kifo cha baba. Nyumbani tulikuwa na kibali cha mazishi, kimekunjwa mara nne na kuhifadhiwa ndani ya Biblia ya mama, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba kibali kile si cheti. Walinipa siku saba. Ofisi ya kwanza ilitutuma ya pili, na ya pili ikatueleza kwamba kifo kilikuwa kimesajiliwa nyumbani kwetu mashambani, si Nairobi. Tulipokipata cheti, mwezi mzima ulikuwa umepita na nafasi yangu alikuwa amepewa mwingine. Simwonei kijicho aliyepewa. Bila shaka naye aliihitaji. Lakini nilikaa miaka mitatu nikiuza katika duka la vifaa vya ujenzi kabla ya kuingia chuoni, na miaka hiyo sikuisahau siku nilipomwona mpwa wangu akishusha sanduku lake.

Kwa hiyo tulikwenda kwa chifu. Ofisi hufunguliwa saa mbili, lakini saa moja kasorobo benchi la nje lilikuwa limejaa, na wengi walikuwa kina mama wenye mifuko ya plastiki iliyojaa karatasi. Tulikuwa na barua ya mzee wa mtaa, kwa maana bila hiyo ungerudishwa. Zamu yetu ilipofika, chifu alichukua karatasi yenye nembo na kuanza kuandika sentensi ambayo nadhani ameiandika mara elfu: kwamba mwenye barua hii anafahamika, ni mkazi wa eneo hili, na familia yake haijiwezi.

"Chifu, naomba radhi," dada yangu alisema, "kila aliyeketi kwenye benchi pale nje ataandikiwa kwamba hajiwezi. Wewe unanijua. Andika kwamba mimi ni mjane, nina watoto watatu shuleni, na kazi yangu ni kibanda kimoja cha mboga."

Chifu aliiweka kalamu chini, akamtazama, kisha akachukua karatasi nyingine. Aliandika mistari saba. Mhuri ulikuwa umekauka, akaupulizia pumzi mara mbili kabla ya kuugandamiza, na hata hivyo ulitoka hafifu upande mmoja, naye akaurudia pembeni ili tarehe isomeke. Barua ile ya mistari saba imetumika mara nne tangu siku hiyo, na katika mahojiano mawili wasomaji waliitaja wenyewe. Barua ya chifu ni ushahidi, na ushahidi hupata nguvu kutokana na mambo yanayoweza kuthibitishwa: mjane, watoto watatu, kibanda kimoja.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa la majina. Kwenye cheti cha kuzaliwa mpwa wangu ana majina mawili, shuleni aliandikishwa kwa majina matatu, na jina la kati kwenye cheti cha mtihani wa darasa la nane lilikuwa na herufi moja iliyozidi. Mtu anaweza kuona ni jambo dogo, hadi pale mfumo wa kompyuta unapolinganisha jina la kitambulisho na jina la matokeo na kukataa kuendelea. Alikuwa ametimiza miaka 18 mwezi wa Oktoba, hivyo tuliomba kitambulisho cha taifa mara moja, kwa majina yale yale matatu aliyofanyia mtihani, tukiambatisha hati ya kiapo iliyoandaliwa na wakili. Kitambulisho kilichukua wiki kadhaa. Wakati huo huo alisajili laini ya simu kwa jina lake mwenyewe, akafungua barua pepe yenye jina lake kamili, akaomba namba ya mlipa kodi, na tukatafuta nakala ya cheti cha kifo cha baba yake. Kila karatasi ilitolewa nakala tano na kupigwa picha kwa mashine kwenye saiba, kisha zote zikatiwa katika bahasha moja kubwa ya kaki ambayo dada yangu aliiweka juu ya kabati, mbali na mvuke wa sufuria.

Matokeo ya mwaka huo yalitangazwa tarehe 8 Januari 2024. Alipata B ya kawaida, alama inayozidi ile ya C+ ambayo ndiyo kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu nchini. Tulishangilia. Siku tatu baadaye tuliketi na kalamu.

Mlango wa kwanza ambao kila mwanafunzi wa Kenya anapaswa kuugonga ni wa serikali, na ningependa kuueleza kwa kituo kwa sababu wazazi wengi bado wanauelewa kwa habari za zamani. Tangu Mei 2023, Rais William Ruto alipotangaza mfumo mpya wa kugharimia elimu ya juu, fedha haziendi tena kwa chuo kwa jumla ya wanafunzi wake; zinamfuata mwanafunzi mmoja mmoja kulingana na hali ya familia yake. Baada ya mwanafunzi kupewa nafasi chuoni kupitia KUCCPS, taasisi ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, anajaza maombi kwenye tovuti ya ufadhili wa elimu ya juu, na maombi hayo hayo yanazaa vitu viwili tofauti: ufadhili kutoka Mfuko wa Vyuo Vikuu, ambao haurudishwi, na mkopo kutoka Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yaani HELB, ambao lazima urudishwe. Kinachobaki hulipwa na familia.

Kwa mgawanyo uliotumika mwaka 2024, kulikuwa na makundi matano. Kundi la kwanza, la familia zenye kipato kisichozidi shilingi 5,995 kwa mwezi, lilipata ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya masomo, mkopo wa asilimia 25, na familia ikabakiwa na asilimia 5. Kundi la tano, la familia zenye kipato kinachozidi shilingi 120,000, lilipata ufadhili wa asilimia 30, mkopo wa asilimia 30, na familia ikalipa asilimia 40. Juu ya hayo kulikuwa na mkopo wa matumizi, kuanzia shilingi 40,000 kwa mwaka katika kundi la tano hadi 60,000 katika kundi la kwanza. Mwaka huo wanafunzi wengi walilalamika kwamba wamewekwa katika kundi lisilolingana na hali ya nyumbani kwao, na njia ya kukata rufaa ikafunguliwa. Ninamsihi yeyote anayejiona amewekwa pasipomfaa akate rufaa, tena kwa karatasi. Anayesema tu kwamba wazazi wake hawana kazi amesema neno; anayeambatisha cheti cha kifo na barua ya chifu ya mistari saba ameweka jambo mezani.

Mpwa wangu aliwekwa katika kundi la tatu. Gharama ya programu yake ilikuwa shilingi 240,000 kwa mwaka: ufadhili ulibeba nusu, yaani 120,000, mkopo ukabeba asilimia 30, yaani 72,000, na familia ikadaiwa asilimia 20, yaani shilingi 48,000. Niliziandika tarakimu hizo nyuma ya kalenda ya jikoni. Kwa watu wengi 48,000 si fedha ya kutisha ukilinganisha na 240,000, lakini kwa kibanda cha mboga ni fedha ambayo haijawahi kuonekana mahali pamoja.

Kabla sijaendelea, niseme kuhusu mkopo, kwa sababu nimesikia wazazi wakiuita ufadhili, na nimesikia wengine wakiukimbia kama moto. Mimi nilisoma kwa mkopo wa HELB na nimeulipa wote. Riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka, ambayo hakuna benki itakayompa kijana asiye na dhamana, na malipo yanatarajiwa kuanza ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Ubaya unaanza mtu anaponyamaza. Aliyechelewa kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi, na nimeona deni la mwenzangu likivimba kwa faini kuliko kwa riba, kwa sababu alidhani kukosa kazi kunamwondolea wajibu wa kuandika barua. Mpwa wangu nilimwambia achukue mkopo, ajue kiasi chake kila mwaka, na atunze taarifa zake.

Mfumo huu haujatulia. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba unakiuka Katiba, na nyumbani kwetu krismasi ile ilikuwa ya wasiwasi. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha utekelezaji wa uamuzi huo na fedha zikaendelea. Jambo jingine ambalo wazazi hulijua wakiwa wamechelewa ni kwamba chini ya mfumo huu ufadhili ni wa waliopewa nafasi katika vyuo vikuu vya umma. Anayechagua chuo kikuu cha binafsi anaweza kuomba mkopo, lakini asiutarajie ufadhili ule. Hili linafaa kujulikana wakati wa kuchagua kozi, si wakati wa kulipa.

Sasa turudi kwenye zile 48,000. Basari za eneobunge, zinazotokana na mfuko ulioanzishwa mwaka 2003, na basari za kaunti zinazogawiwa kupitia wadi, ndizo zilizo karibu nasi zaidi, na ndizo watu huzidharau kwa sababu ni ndogo. Nairobi ina maeneobunge 17 na wadi 85, na kila moja ina ofisi, ubao wa matangazo na fomu yake. Fomu hizo hutoka bila kelele nyingi, na mara nyingi tangazo hubandikwa ukutani kabla ya kufika kwenye simu ya mtu. Dada yangu alifanya desturi ya kupita ofisini kila Jumatatu akitoka sokoni kuchukua mboga. Tulipata shilingi 10,000 kutoka eneobunge na 8,000 kutoka kaunti. Hundi za basari huandikwa kwa jina la chuo, si la mwanafunzi, kwa hiyo namba ya usajili ikikosewa fedha huingia katika akaunti ya chuo na kubaki bila mwenyewe. Hilo lilitupata. Tarakimu moja ilikuwa imegeuzwa, na mpwa wangu alilazimika kwenda idara ya fedha na nakala ya hundi, nakala ya barua ya kujiunga na nakala ya fomu, kisha akasubiri mwezi mmoja na nusu ndipo zile 10,000 zikaonekana kwenye hesabu yake. Nakala zilitoka kwenye bahasha.

Kanisa lilichanga 12,000, chama cha akiba cha dada yangu kikamkopesha 10,000 bila riba, na zile 8,000 zilizobaki nilizitoa mimi. Hapo karo ilikuwa imetimia. Lakini palikuwa bado na godoro, nauli, kodi ya chumba ya mwezi wa kwanza na kompyuta ambayo kila mhadhiri alidhani mwanafunzi anayo.

Sehemu hii inayobaki ndiyo inayowaangusha wengi, na haikuanza leo. Tom Mboya alipokuwa akiwatafutia vijana wa Kenya nafasi za masomo Marekani miaka ya 1950, vyuo vya huko vilikuwa tayari kuwafadhili. Kilichokosekana kilikuwa nauli ya kuwafikisha. Ndege ya kwanza iliyokodiwa kwa michango iliwapeleka wanafunzi 81 mnamo Septemba 1959, na mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 ili safari ziendelee. Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa walioondoka mwaka 1960, akaenda kusoma sayansi huko Kansas. Nikiwaza jambo hilo, huwa nafikiria mtoto ambaye alikuwa na barua ya ufadhili mkononi na hakuwa na tiketi. Wapo hata leo. Ufadhili wa serikali ya Hungaria uitwao Stipendium Hungaricum, ambao Wakenya huuomba kupitia Wizara ya Elimu, unalipa masomo na unatoa posho, lakini nauli ya ndege hauilipi. Kwa hiyo kila unaposoma tangazo la ufadhili, usiishie kwenye orodha ya yanayolipwa. Chukua karatasi, andika yasiyolipwa, na uanze kuyatafutia mchango mwingine siku hiyo hiyo.

Wakfu za binafsi na mashirika ndizo zinazoweza kuijaza sehemu hiyo, na huko ndiko insha inakopimwa. Mpwa wangu aliandika rasimu yake ya kwanza katika maktaba ya Buruburu, Jumamosi moja ya Machi, akaniletea akiwa ameridhika. Ilianza hivi: "Mimi ni msichana mwenye bidii na ndoto kubwa ya kuisaidia jamii yangu." Niliisoma yote. Haikuwa na kosa la sarufi hata moja, na haikuwa na yeye ndani yake.

"Mwanangu," nilimuuliza, "Jumamosi kama hii, usipokuwa maktaba, huwa unafanya nini?"

"Namsaidia mama kibandani."

"Unamsaidia kufanya nini?"

"Ninaandika hesabu, mama mdogo. Mama hakumbuki nani amechukua sukuma ya deni."

Nilimwomba anionyeshe daftari hilo. Lilikuwa daftari la kurasa 96, jalada lake limelowa maji na kukauka mara nyingi, na ndani yake alikuwa amepiga mistari kwa rula tangu akiwa kidato cha pili: tarehe, jina la mteja, mafungu, kiasi, na safu ya mwisho aliyoipa kichwa "amelipa". Katika kurasa za nyuma alikuwa amehesabu nyanya zilizooza kila wiki na kugundua kwamba mama yake alikuwa akipoteza kreti nzima kila mwezi kwa sababu alinunua Ijumaa badala ya Jumapili usiku. Walibadilisha siku ya kununua. Alikuwa na miaka 16 alipofanya hivyo, na hakuona kwamba ni jambo la kuandika. Kozi aliyokuwa ameichagua ni takwimu. Insha ya pili ilianza na kreti ya nyanya, na wakfu ulioisoma umemlipia sehemu ya familia tangu mwaka wa pili na kumpa kompyuta.

Sisemi kwamba kila mtoto ana daftari. Nasema kwamba jopo linalosoma insha mia tatu limekwisha kusoma neno "bidii" mara mia tatu, na mwombaji atendewe haki ya kuonekana kwa alichokifanya. Hali kadhalika barua ya mwalimu: mwalimu apewe mwezi mzima, apewe na maelezo ya ufadhili wenyewe, ili asiandike kwamba mwanafunzi ni mtiifu wakati wafadhili wameuliza kama ni kiongozi.

Kuhusu njia kubwa zaidi nitataja chache. Mpango wa wasomi wa Mastercard Foundation, ulioanza mwaka 2012, unagharimia masomo katika vyuo kadhaa vya Afrika na nje, na hapa Nairobi umefanya kazi na chuo kikuu cha USIU-Africa. KenSAP, ulioanzishwa mwaka 2004, huchagua vijana waliofaulu sana kidato cha nne na kuwaandaa kuomba vyuo vya Marekani vinavyogharimia wanafunzi wasio na uwezo. Vyuo kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst huamua kumkubali mwombaji wa kigeni bila kuangalia uwezo wake wa kulipa, kisha hutoa msaada kulingana na mahitaji ya familia. Wengi hawaombi kwa kudhani kwamba bei iliyoandikwa kwenye tovuti ndiyo bei yao. Maombi mengi ya huko hufungwa mapema Januari, wakati matokeo yetu ndiyo kwanza yanatoka, kwa hiyo mwombaji ajue mapema kwamba huenda akasubiri mwaka mmoja. Chevening ya Uingereza na nafasi nyingi za DAAD ya Ujerumani ni za waliokwisha kupata shahada ya kwanza. Chevening hutaka pia uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili. Mtoto wa kidato cha nne asipoteze muda wake huko sasa.

Na wezi wapo. Chuo cha kweli kinaweza kutoza ada ya maombi, na mtihani wa lugha una gharama yake inayojulikana, lakini mfadhili anayekuambia umeshinda kitu ambacho hukukiomba, kisha akakutaka utume shilingi 1,500 za usajili kwa namba ya simu ya mtu, si mfadhili. Katika kundi letu la kanisa ujumbe wa namna hiyo ulipita Februari ile, na mama mmoja alikuwa amekwisha kutuma kabla hatujamwonya. Fedha hizo zilikuwa nauli yake ya wiki nzima.

Mpwa wangu anaendelea vizuri na masomo. Mdogo wake sasa yuko kidato cha tatu, naye anapenda umeme na nyaya, na huenda akachagua chuo cha ufundi badala ya chuo kikuu. Nako kuna mikopo, na tutaiomba. Wiki iliyopita dada yangu aliishusha bahasha ya kaki kutoka juu ya kabati, akatoa cheti cha kuzaliwa cha kijana huyo, na tukagundua kwamba jina la babu limeandikwa kwa "l" mahali pa "r". Shuleni anatumia "r". Jumatatu nimeomba ruhusa kazini hadi saa sita, na tutakuwa kwenye foleni ya ofisi ya usajili kabla ya milango kufunguliwa.